Kupima Kelele za Fezi za Osileta: Mwongozo Kamili wa Benchi

Osileta ni saketi inayozalisha wimbi la masafa maalumu. Iliyo kamilifu ya 10 MHz ingeonyesha kwenye spektra, yaani mchoro wa nguvu kwa kila masafa, mstari mmoja mwembamba, na pande zote mbili kimya. Osileta hiyo haipo. Zote huyumba: mzunguko mmoja huwahi kidogo, mwingine huchelewa, na kuyumba huko kwa fezi, yaani kwa nafasi ya wimbi ndani ya mzunguko wake, hutandaza sehemu ya nguvu kushoto na kulia kwa wimbi kuu. Redio yenye osileta chafu haisikii kituo dhaifu kilicho jirani na kituo chenye nguvu. Rada hupoteza chombo kinachokwenda polepole ndani ya mwangwi wa ardhi. Kibadilishi cha kutoka analogi kwenda dijitali hupoteza biti zake za mwisho.

Kupima uchafu huo kuna ugumu mmoja unaotawala mengine yote: kifaa cha kupimia nacho kina kelele zake. Nyani haoni kundule. Namba inayojitokeza kwenye skrini ni jumla ya kelele za osileta yako na kelele za mtambo unaoipima, wala skrini haisemi zipi ni za nani. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio ambao wengi huupindua: sakafu ya mtambo hupimwa kwanza, osileta baadaye.

Namba yenyewe inasema nini

Kipimo kinachotumika ni L(f), na huandikwa kwa dBc/Hz. Ni nguvu ya kelele iliyomo ndani ya upana wa 1 Hz, upande mmoja, kwa umbali f kutoka kwenye wimbi kuu, ikilinganishwa na nguvu ya wimbi kuu lenyewe. Umbali f lazima utajwe. Anayesema "osileta yangu ina −140" hajasema kitu. −140 dBc/Hz kwa 10 Hz ni jambo la kujivunia, kwa 1 MHz ni jambo la kawaida.

Kiwango cha IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme) namba 1139 kinaifafanua L(f) kuwa nusu ya Sφ(f), yaani nusu ya msongamano wa kuyumba kwa fezi unaopimwa kwa rad²/Hz. Nusu kwa desibeli ni kutoa 3. Hiyo 3 iweke akilini, kwa sababu itarudi mara mbili kwa sababu mbili tofauti, na hapo ndipo hesabu za watu wengi huharibika.

Kuna ukuta wa chini usioweza kuvukwa. Kwa joto la 290 K, kelele za joto ni −174 dBm/Hz (dBm ni desibeli zikilinganishwa na miliwati moja). Nusu yake huyumbisha ukubwa wa wimbi, nusu huyumbisha fezi, kwa hiyo sehemu ya fezi ni −177 dBm/Hz. Osileta inayotoa 0 dBm katika joto hilo haiwezi kushuka chini ya −177 dBc/Hz; inayotoa +10 dBm haiwezi kushuka chini ya −187. Ukipata namba iliyo chini ya ukuta huo, usifurahi. Tafuta kosa.

Umbo la grafu nalo linatabirika. Mwaka 1966 David Leeson alieleza mfano ambao bado ndio msingi wa kazi hii: mbali na wimbi kuu kelele ni tambarare, ukiingia ndani ya nusu ya upana wa bendi ya kitetemeshi (sehemu ya osileta inayotetema), yaani masafa yakigawanywa kwa 2Q, ambapo Q hupima jinsi kitetemeshi kinavyopoteza nishati kidogo, zinapanda kwa 20 dB kwa kila dekedi (umbali kupungua mara kumi), karibu zaidi, kelele za flika, zile zinazokua kadiri masafa yanavyoshuka, zikitawala, zinapanda kwa 30 dB. Kati ya hapo mara nyingi huonekana kipande cha 10 dB kwa dekedi. Grafu inayopanda kwa 25 dB kwa umbali mrefu, au yenye nundu pana, inakuambia kuna kitu kingine kimeingia.

Njia ya haraka: kichanganuzi cha spektra

Anza hapa kila mara, hata kama unajua hutaishia hapa. Unganisha osileta moja kwa moja, weka wimbi kuu katikati ya skrini, soma nguvu yake, kisha sogeza alama hadi kwenye umbali unaotaka. Tuseme wimbi kuu ni 0 dBm, umbali ni 100 kHz, upana wa kichujio cha kifaa ni 1 kHz, na alama inasoma −75 dBm. Kushusha kutoka 1 kHz hadi 1 Hz ni kutoa 10·log(1000), yaani 30 dB. Unapata −105 dBc/Hz.

Bado hujamaliza. Kifaa kinachofanya wastani wa desibeli, badala ya wastani wa nguvu, husoma kelele pungufu kwa takriban 2.5 dB. Upande mwingine, upana halisi wa kichujio kwa kelele huzidi kidogo ule ulioandikwa, na hilo hukurudisha chini kwa sehemu ya desibeli. Ukijumlisha yote, jibu la kweli liko karibu na −103. Ukiwa na kigunduzi cha rms (kinachofanya wastani wa nguvu), au alama maalumu ya kelele ambayo kifaa chenyewe huirekebisha, tumia hicho, na usiongeze masahihisho haya mara ya pili.

Sasa swali la sakafu. Tafuta katika maelezo ya kifaa kelele za fezi za osileta yake ya ndani kwa umbali huohuo. Zikiwa 10 dB chini ya ulichosoma, zinakupotosha kwa 0.4 dB tu, na unaweza kuzisamehe. Zikiwa sawa na ulichosoma, umepima kifaa. Kwa osileta za LC (koili na kapasita) na za kurekebishwa kwa volti, njia hii mara nyingi inatosha kabisa. Kwa kristali nzuri ya kwatzi haifai. Zaidi ya hapo, kichanganuzi hakitenganishi kuyumba kwa fezi na kuyumba kwa ukubwa wa wimbi, na osileta inayohama masafa wakati wa kupima itakupa picha iliyopaka pembeni.

Njia kuu: osileta mbili, mikisa moja, digrii 90

Hii ndiyo njia ya kujifunza vizuri, kwa sababu hata mitambo ya bei kubwa imejengwa juu ya wazo lake. Ukiingiza mawimbi mawili ya masafa sawa kwenye mikisa, saketi inayozidisha wimbi moja kwa jingine, huku fezi zao zikitofautiana kwa digrii 90, wimbi kuu hujifuta. Kinachobaki ni volti ndogo inayofuata kuyumba kwa fezi peke yake. Mlima umeondolewa, na sasa unaweza kukuza vichuguu vilivyokuwa chini yake.

*Hatua ya kwanza: jenga mkondo wa kupimia.* Tumia mikisa ya diodi nne zilizopangwa kwa pete, ambayo tundu lake la kutolea hupitisha volti ya moja kwa moja. Aina ya kawaida huendeshwa kwa takriban +7 dBm. Baada yake weka kichujio cha kupitisha masafa ya chini ili kuondoa jumla ya masafa mawili, ambayo kwa 10 MHz ni 20 MHz. Jumla hiyo ipewe rezista ya ohm 50 kupitia kapasita, ili masafa ya chini yasiione rezista hiyo na volti unayoitaka isigawanywe. Kisha amplifaya yenye kelele ndogo, karibu nV 1 kwa kila mzizi wa hezi, na ukuzaji wa 40 dB. Mwisho ni kichanganuzi cha FFT, kinachotenganisha ishara katika masafa yake kwa hesabu. Kadi nzuri ya sauti ya kompyuta inayochukua sampuli 192,000 kwa sekunde itakufikisha karibu 90 kHz, na kwa kazi nyingi za kwatzi hiyo ndiyo sehemu yenye habari.

*Hatua ya pili: pima sakafu.* Kwanza funga mlango wa amplifaya kwa waya mfupi na uhifadhi grafu. Hizo ni kelele za amplifaya na FFT. Kisha chukua osileta moja, igawanye kwa kigawanya nguvu, na peleka nusu kwenye kila mlango wa mikisa, upande mmoja ukipitia kebo ndefu ya kuleta digrii 90. Kwa 10 MHz robo ya mzunguko ni ns 25. Kebo ya koaksi ya polietilini huchelewesha takriban ns 5 kwa mita, kwa hiyo mita 5 zinatosha. Kwa kuwa pande zote mbili zinatoka kwenye chanzo kimoja, kuyumba kwake hufutika karibu kote: kwa umbali wa 10 kHz, kwa ucheleweshaji wa ns 25, kinachobaki kiko 56 dB chini. Unachokiona sasa ni mikisa na amplifaya. Hifadhi grafu hiyo, na andika viwango vya nguvu vilivyokuwa kwenye milango ya mikisa, maana sakafu hubadilika navyo.

*Hatua ya tatu: weka osileta mbili.* Moja ndiyo unayoipima, nyingine ni rejea ya masafa yaleyale, na mojawapo iweze kusogezwa kwa volti. Kati ya kila osileta na mikisa weka amplifaya ya kutenganisha, au angalau kipunguza nguvu. Bila kizuizi hicho nishati huvuja kupitia mikisa na osileta mbili zilizokaribiana hushikana zenyewe. Dalili yake utaiona kwenye osiloskopu: unapozisogeza pamoja, wimbi la tofauti linapinda upande mmoja, kisha linatoweka ghafla. Osileta zilizoshikana hivyo zinafuatana, na kelele utakazopima zitakuwa ndogo kuliko za kweli.

*Hatua ya nne: kalibresheni.* Sogeza moja kando kidogo hadi tofauti iwe, tuseme, 1 kHz. Kwenye osiloskopu, kabla ya amplifaya, utaona wimbi la 1 kHz. Likiwa sine safi, unyeti wa mikisa kwa volti kwa radiani, Kφ, ni sawa na kilele chake: kilele cha V 0.3 ni V 0.3 kwa radiani. Lakini mikisa inayoendeshwa kwa nguvu pande zote mbili, ambayo ndiyo hali nzuri zaidi kwa kelele, hutoa wimbi lenye kichwa bapa au umbo la pembetatu. Hapo kilele hakifai. Pima mwinamo pale wimbi linapovuka sifuri, kwa volti kwa sekunde, kisha ugawanye kwa 2π mara masafa ya tofauti. Usibadilishe kiwango chochote cha nguvu baada ya hapa. Ukigusa kipunguza nguvu kimoja, rudia kalibresheni.

*Hatua ya tano: funga kitanzi.* Rudisha volti ya mikisa kupitia intigreta (saketi inayojumlisha volti kwa muda) hadi kwenye mlango wa kusogeza osileta, ili fezi zibaki digrii 90 na volti ya wastani ibaki karibu na sifuri. Hatari iko kwenye kasi ya kitanzi. Ndani ya upana wa bendi yake, osileta moja inaifuata nyingine na kelele zinafutwa mbele ya macho yako. Upana huo uwe chini ya sehemu moja ya kumi ya umbali mdogo unaoutaka: ukitaka kusoma kuanzia 10 Hz, kitanzi kiwe cha 1 Hz au pungufu. Kitanzi cha polepole hivyo hakikamati kirahisi, kwa hiyo weka swichi ya kukifanya cha haraka kwanza, kisha ukirudishe polepole kikishakamata. Osileta isiyotulia, ambayo kitanzi cha polepole hakiwezi kuishika, huhitaji kitanzi kipana, na hapo itakubidi uingize ishara inayojulikana ndani ya kitanzi, upime kinavyoikandamiza kwa kila masafa, kisha uongeze kiasi hicho kwenye grafu.

Kupotea kwa digrii 10 kutoka kwenye 90 hupunguza unyeti kwa 0.13 dB tu, jambo dogo. Kinachoumiza ni kwamba mikisa huanza kuona kuyumba kwa ukubwa wa wimbi. Mikisa halisi pia ina volti yake ndogo hata fezi zikiwa sawasawa, basi usiabudu sifuri ya mita.

*Hatua ya sita: soma na ukokotoe.* Tuseme FFT inaonyesha −110 dBV/Hz kwa 1 kHz. Ondoa ukuzaji wa 40 dB: −150. Ondoa Kφ: 20·log(0.3) ni −10.5, na kutoa hasi ni kujumlisha, kwa hiyo Sφ ni −139.5 dB kwa rad²/Hz. Toa 3 kupata L(f): −142.5 dBc/Hz. Hiyo ni jumla ya osileta mbili. Kama rejea ni bora kwa 10 dB au zaidi, iache hivyo. Kama ni mbili za aina moja na una sababu ya kuamini ziko sawa, toa 3 nyingine: −145.5. Hizi ndizo zile 3 mbili. Ya kwanza inatoka kwenye fasili, ya pili inatoka kwenye dhana yako kwamba zinalingana.

Dhana hiyo ikikusumbua, na inapaswa kukusumbua, tafuta osileta ya tatu. Pima jozi AB, AC na BC. Kelele za A ni AB + AC − BC, zote zikigawanywa kwa 2, kwa nguvu za kawaida na kamwe siyo kwa desibeli. Ukipata jibu hasi, tofauti kati ya osileta hizo ni kubwa kuliko uhakika wa vipimo vyako.

Kisha linganisha na sakafu ya hatua ya pili. Amplifaya ya nV 1 kwa mzizi wa hezi ni −180 dBV/Hz. Kwa Kφ ya 0.3 hiyo ni L ya −172.5. Kwa 1 kHz mfano wetu uko 30 dB juu ya hapo, salama. Kwa 100 kHz huenda isiwe hivyo.

Usipokuwa na rejea

Unaweza kuilinganisha osileta na nafsi yake ya zamani kidogo. Igawanye, chelewesha upande mmoja kwa kebo ndefu, kutanisha pande mbili kwenye mikisa kwa digrii 90. Ni mpango uleule wa hatua ya pili, ila sasa kebo imerefushwa makusudi ili kelele zisifutike zote. Unyeti ni Kφ mara 2·sin(πfτ), τ ikiwa muda wa kuchelewa. Mita 100 zinakupa ns 500: kwa 1 kHz unapoteza 50 dB ya unyeti, na kwa 2 MHz mkondo unakuwa kiziwi kabisa. Kebo ndefu zaidi husaidia karibu na wimbi kuu lakini hula nguvu ya ishara. Njia hii ni ya osileta chafu zinazotangatanga, zile ambazo kitanzi hakizishiki. Kwa kwatzi haifai.

Rejea yako ikiwa mbaya kuliko osileta

Tumia mbili. Gawanya ishara ya osileta kwenye mikondo miwili isiyohusiana, kila mmoja na rejea yake, mikisa yake na amplifaya yake, kisha kompyuta itafute kile kinachofanana katika yote miwili. Kelele za osileta yako zimo kote. Kelele za rejea hazifanani na zinapungua kwa 5·log(M), ambapo M ni idadi ya wastani. Wastani 100 hutoa 10 dB, wastani 10,000 hutoa 20 dB. Lakini ukitaka hatua za 1 Hz kila wastani unakula sekunde nzima, kwa hiyo hizo 10,000 ni karibu saa mbili na dakika 47. Uvumilivu hapa ni sehemu ya vifaa.

Njia hii ina mtego wake. Kelele za joto za kigawanya nguvu huingia kwenye mikondo miwili kwa alama zinazopingana, na zinaweza kufuta kelele halisi za osileta. Watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, wameandika kwa kirefu kuhusu anguko hili. Grafu huwa na mashimo, au hushuka chini kuliko inavyowezekana, na ndipo ule ukuta wa −177 unapokuwa msaada.

Benchi linalosema uongo

Volti ya umeme ndiyo mshukiwa wa kwanza. Osileta inayosogea 10 MHz kwa volti, ikipewa volti yenye kelele za nV 10 kwa mzizi wa hezi, huyumba kwa 0.1 Hz kwa mzizi wa hezi. Gawanya kwa mzizi wa 2 na kwa umbali wa 10 kHz: unapata −103 dBc/Hz, hata osileta yenyewe ingekuwa safi vipi. Regileta ya kawaida hupita nV 10 bila shida. Pima mara moja kwa betri. Grafu ikishuka, tatizo halikuwa osileta.

Mtetemo ni wa pili. Kristali ya kwatzi yenye unyeti wa 1×10⁻⁹ kwa kila g (mchapuko wa mvutano wa dunia), ikiwa ya 100 MHz na ikitikiswa kwa g 1 kwa 100 Hz, hutoa mstari wa −66 dBc. Feni ya kifaa kilicho juu ya meza haifikii g 1, lakini hata sehemu yake moja ya elfu inatoa mstari wa −126, na huo unaonekana. Weka osileta juu ya sponji, zima feni, gonga meza kwa kidole ukiangalia skrini. Utajua mara moja kama mkondo wako unasikia.

Mistari ya 50 au 60 Hz na vizidishi vyake hutoka kwenye vitanzi vya ardhi na transfoma. Kebo moja ya ardhi iliyohamishwa inaweza kuondoa nusu yake. Mistari hii si kelele zilizotandazwa, hivyo isigawanywe kwa upana wa kichujio: ripoti kila mmoja kwa dBc, na uitenge na grafu ya dBc/Hz. Programu zinazoichora pamoja bila kubagua ndizo chanzo cha mabishano mengi.

Kutoka grafu hadi jita

Anayetumia osileta kama saa ya dijitali ataomba jita, yaani kuyumba kwa wakati wa wimbi, siyo dBc/Hz. Jumlisha eneo chini ya L(f) kati ya mipaka miwili, zidisha kwa 2 kwa ajili ya pande zote mbili, chukua mzizi wa pili, ugawanye kwa 2π mara masafa. Kwa 100 MHz yenye −150 dBc/Hz tambarare kutoka 10 kHz hadi 10 MHz, eneo ni takriban 10⁻⁸, fezi ni radiani 1.41×10⁻⁴, na jita ni fs 225. Mchango mkubwa ulitoka mwisho wa mbali wa grafu, pale penye upana wa MHz nyingi, kwa hiyo kwa saa ya dijitali sakafu ya mbali ina uzito kuliko miteremko ya karibu. Bila kutaja mipaka ya kujumlishia, namba ya jita haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Na ukihamisha matokeo kutoka masafa moja hadi mengine, kuzidisha masafa kwa N huongeza kelele kwa 20·log(N): kutoka 10 MHz hadi 10 GHz ni 60 dB. Kwa hiyo pembeni ya kila grafu andika masafa ya wimbi kuu, nguvu yake, njia iliyotumika, upana wa kitanzi, idadi ya wastani, kama 3 dB ya osileta mbili imetolewa au la, na uchore sakafu ya mtambo kwenye karatasi hiyohiyo kwa rangi tofauti.